Neno INFLAMMABLE: Je, Hushika Moto au Haishiki?

Siku moja nilimtembelea mkulima wa pamba. Jikoni kwake, karibu na mafiga, niliona chupa ya dawa ya kuua wadudu. Nikamwambia, "Ndugu, iondoe hapa. Dawa hii hushika moto."

Akashangaa. "Bwana Shamba, mwanangu yuko kidato cha pili. Alinisomea maandishi ya chupa. Alisema haishiki moto."

Kijana alisoma vizuri, lakini alikosea maana. Kwenye chupa paliandikwa INFLAMMABLE. Shuleni alijifunza kwamba IN mwanzoni mwa neno la Kiingereza hukanusha. VISIBLE ni kitu kinachoonekana. INVISIBLE ni kitu kisichoonekana. Alijua pia kwamba FLAMMABLE ni kitu kinachoshika moto. Basi akadhani INFLAMMABLE ni kitu kisichoshika moto.

Kumbe Kiingereza kina IN mbili. Ya kwanza hukanusha. Ya pili huonyesha kuingia ndani. INHALE ni kuvuta hewa ndani. INJECT ni kuingiza dawa kwa sindano. Neno INFLAMMABLE lilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kuwasha moto. IN yake haikanushi. Kwa hiyo FLAMMABLE na INFLAMMABLE ni maana moja: hushika moto upesi. Kisichoshika moto huandikwa NON-FLAMMABLE.

Hata Kiswahili kina mambo hayo. KULIMA na KUPANDA huanza na KU, nayo ni vitendo. KUKU pia huanza na KU. Je, kuku ni kitendo?

Miaka ya 1920, wataalamu wa kuzuia moto huko Marekani walihimiza neno FLAMMABLE litumike, ili watu wasikosee. Lakini INFLAMMABLE bado huandikwa.

Wakulima, tufanye hivi:

1. Usikisie maana ya neno kwa herufi zake za mwanzo. Uliza.

2. Tazama alama. Mwali wa moto maana yake hushika moto. Fuvu la kichwa na mifupa miwili maana yake ni sumu kali.

3. Weka dawa mbali na moto, chakula na watoto.

Siku ile tuliihamishia chupa stoo, tukafunga kwa kufuli. Kijana hakuona haya. Alichukua kipande cha mkaa, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: HUSHIKA MOTO.