Jamhuri dhidi ya fulani: maswali ya jinai yanayoulizwa Kyela

Juu ya jalada la kesi ya jinai Tanzania haliandikwi jina la aliyeibiwa wala la aliyepigwa. Huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyeumizwa hubaki mlalamikaji na shahidi, na mwenye kuamua kama mtu ashtakiwe, kwa kosa gani, na kama shauri liendelee ni Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Maswali mengi wanayopelekewa mawakili na wasaidizi wa kisheria wilayani Kyela, kutoka Kasumulu mpakani hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, huzaliwa hapo. Familia mbili hudhani ugomvi ni wao, kumbe ukishafika polisi umeshapata mwenyewe.

Swali linalotangulia karibu kila mara ni hili: tumeshasameheana, kesi inafutwaje? Jibu hutegemea kesi iko mahakama gani na kosa ni lipi. Katika mahakama ya mwanzo kwa kawaida hakuna mwendesha mashtaka wa serikali. Mlalamikaji mwenyewe husimama, hueleza, huita mashahidi wake na kumhoji mshtakiwa, na akitaka kuondoa malalamiko huomba ruhusa ya hakimu. Kwa shambulio la kawaida na ugomvi mdogo wa watu binafsi sheria inairuhusu mahakama kupatanisha, hata kwa fidia, na mahakama ya wilaya inao uwezo huohuo kwa makosa ya aina hiyo. Kwa makosa mazito mlango huo umefungwa. Mwendesha mashtaka anaweza kuondoa shauri, lakini mshtakiwa aliyeachiwa hivyo kabla ya kuanza kujitetea hajashinda kesi. Anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile, hata miaka kadhaa baadaye.

Jambo hili huwauma watu zaidi kwenye kesi za mimba za wanafunzi. Wanyakyusa, kama jamii nyingine nyingi, wana utaratibu wa zamani wa kumaliza aibu kwa ng'ombe: wazee hukaa, faini hutajwa, familia hupatana. Mbele ya Kanuni ya Adhabu mapatano hayo hayana uzito wowote. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kufanya mapenzi na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke ni kubaka hata kama alikubali, na adhabu yake si chini ya miaka 30 jela. Akiwa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yaliongeza kosa la kumpa mimba mwanafunzi, nalo lina miaka 30. Ng'ombe wakishapokewa, mzazi aliyepokea ili anyamaze anaweza kujikuta naye ni mshtakiwa, kwa kuwa kuficha kosa kubwa kwa malipo ni kosa linalojitegemea. Ukweli ni kwamba kesi nyingi za namna hii hufa, ila haziuawi na mapatano. Hufa kwa sababu msichana amehamishiwa kwa shangazi, mama hafiki mahakamani, na hakimu hana wa kumsikiliza. Shahidi aliyeitwa kwa hati ya wito akagoma anaweza kukamatwa kwa amri ya mahakama, na wazazi wengi hulijua hilo siku askari anapobisha hodi.

Kundi la pili la maswali linahusu kukamatwa. Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa sababu, ya kunyamaza baada ya kutaja jina na anwani, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Mahojiano ya polisi yana muda wake: saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, zinazoweza kuongezewa nyingine zisizozidi 8 kwa sababu maalumu. Muda wa safari hauhesabiwi, na Kyela hilo si jambo dogo. Mtu aliyekamatwa Ikombe, kijiji cha Wakisi chini ya Milima ya Livingstone ambako mtumbwi ndiyo njia ya kawaida ya kufika Matema, anaweza kutumia nusu siku ziwani na barabarani kabla ya kufika kituo cha wilaya, na saa hizo haziingii kwenye hesabu. Maelezo ya onyo, yaani ya mtuhumiwa kwa polisi, yaliyochukuliwa nje ya muda unaoruhusiwa hupingwa mahakamani, na mara nyingi hutupwa.

Saa 24 zinazotajwa na kila mtu zinahusu jambo jingine, yaani kupewa dhamana ya polisi au kufikishwa mahakamani. Sheria inataka mtu afikishwe mapema iwezekanavyo. Mkuu wa wilaya naye anaulizwa sana. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, na mtu huyo hawezi kushikiliwa zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani. Uwezo huo ni kwa ajili ya kosa au hatari kwa amani inayoweza kuelezwa kwa maandishi. Aliyechelewa kwenye kikao cha kijiji, au aliyejibu kwa ukali kwenye mkutano wa hadhara, hayumo.

Dhamana ni haki inayofuata msingi wa Katiba kwamba mtu hahesabiwi kuwa na hatia hadi ithibitishwe. Haina bei, iwe polisi au mahakamani. Mdhamini huja na kitambulisho na barua ya mtendaji, husaini ahadi ya kiasi fulani, na akishindwa kumleta mshtakiwa hulipa kiasi hicho. Yapo makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, usafirishaji wa binadamu, utakatishaji fedha, ugaidi. Kwa anayeishi Kasumulu mahakama huwa na wasiwasi unaoeleweka, maana ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi. Inaweza kuagiza aikabidhi pasipoti yake au asitoke wilayani bila ruhusa.

Wizi wa kakao unastahili nafasi kubwa zaidi, kwa sababu unaonyesha jinsi kesi iliyo wazi kijijini inavyoweza kuporomoka mahakamani. Kyela ndiyo wilaya inayoongoza kwa kakao Tanzania, na bei ya dunia ilipopita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, mbegu zilizoanikwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba zikawa fedha taslimu isiyo na mlinzi. Chukua mfano wa mkulima wa Ipinda anayesikia kishindo usiku, anatoka na tochi, anamwona kijana akikimbia na mfuko, na asubuhi anamtaja kwa mtendaji. Kijiji kizima kinamjua mwizi. Mahakama haimjui bado.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Waziri Amani, lililochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1980, ushahidi wa kutambua mtu katika mazingira magumu hupimwa kwa makini sana. Shahidi huulizwa alimwona kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani, na kama alimjua mtu huyo kabla. "Nilimmulika kwa tochi" haitoshi. Tochi humwangazia anayemulikwa, lakini kwa kishindo kimoja na mgongo unaopotea kwenye mikakao, hata jirani hukosewa. Shahidi aliyemtaja mtuhumiwa saa ileile kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye huaminika kuliko aliyemtaja baada ya siku tatu.

Hebu mfuko upatikane. Sheria inaruhusu kumtia hatiani mtu aliyekutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita bila maelezo ya kuridhisha, lakini lazima mali itambuliwe pasipo shaka kuwa ni ya mlalamikaji. Hapo kakao huleta kazi. Ng'ombe ana chapa na rangi, pikipiki ina namba ya chesisi, ila mbegu za kakao za shamba moja hufanana na za shamba la pili. Ikiwa mbichi na ikishamwagwa kwenye sanduku la kuvundikia, kakao ya mashamba matatu huwa kitu kimoja ndani ya usiku mmoja. Kinachookoa kesi ni vitu vya pembeni: gunia lenye jina au kiraka kinachojulikana, uzi wa rangi uliofungiwa mdomo, turubai, uzito uliokuwa umeandikwa. Mkulima anayetaja alama hizo polisi kabla hajaonyeshwa mali ana ushahidi. Anayezitaja baada ya kuliona gunia kituoni ana maneno tu. Askari naye anapokamata mali hutakiwa kuandika stakabadhi ya vitu vilivyokamatwa na kusainisha waliokuwepo, na kakao ikiharibika kabla ya kesi, utaratibu wa kuiuza au kuipiga picha kwa amri ya mahakama ufuatwe. Mnunuzi mlanguzi aliyeichukua usiku kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha ushirika cha mazao (AMCOS) na mnada wa stakabadhi ghalani, hana pa kujificha. Kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa, na bei yenyewe huwa shahidi wa alichokijua.

Kijana huyo akiwa na umri wa chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa kabisa. Akiwa chini ya 18 ni mtoto, na shauri lake huenda mahakama ya watoto.

Kinachotokea mara nyingi kabla ya hayo yote ni kipigo cha wanakijiji kwa mtuhumiwa. Wote wanaojiunga na kundi lenye lengo moja la kumdhuru mtu huwajibika kwa kitakachotokea, hata aliyerusha jiwe moja au aliyeleta kamba tu. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Ruhusa yake inaishia hapo.

Swali la deni huja msimu wa mavuno ya mpunga. Mfanyabiashara amechukua magunia ya mchele kwa ahadi ya kulipa baada ya wiki mbili, hajalipa, na mkulima anataka afungwe. Kushindwa kulipa deni ni madai, na polisi si wakusanya madeni. Mambo hubadilika ikithibitika kwamba tangu siku ya kwanza alidanganya ili apate mali: alijitambulisha kwa jina la kampuni isiyokuwepo, au alionyesha risiti ya benki ya kughushi. Hilo ni kujipatia mali kwa udanganyifu. Tatizo ni kwamba wadai wengi hukimbilia kituoni kwa sababu ni haraka kuliko mahakama ya madai, na wadaiwa hulipa kwa kuogopa lokapu. Ni desturi mbaya hata inapofanikiwa.

Kuhusu uchawi, Sheria ya Uchawi ya tangu 1928 haiulizi kama uchawi upo. Inamwadhibu anayejidai kuwa na uwezo huo au kutishia kuutumia, na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa anapopeleka malalamiko kwa mamlaka. Kwa hiyo wapiga ramli wanaoalikwa vijijini nyanda za juu kusini, wale waitwao lambalamba, huvunja sheria kwa kazi yenyewe, na wanaokusanya michango ya kuwaita wanashiriki. Anayemuua mzee kwa kuamini kuwa alimroga mwanawe hawezi kujitetea kwa imani hiyo peke yake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua hivyo mwaka 1951 katika shauri la Eria Galikuwa kutoka Uganda: panatakiwa kitendo cha uchokozi kilichofanyika mbele ya mtu na kumpandisha hasira hapohapo.

Mpakani maswali hugeuka. Anayevuka Songwe kwa njia ya panya na bidhaa zisizolipiwa ushuru hushughulikiwa chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, ambapo mzigo hutaifishwa, pamoja na baiskeli au mtumbwi uliobeba. Hapa ipo njia isiyopatikana kwenye wizi. Anayekiri kwa maandishi anaweza kulipa kiasi atakachotozwa na mamlaka ya forodha, shauri likaisha bila kufika kwa hakimu. Mtuhumiwa wa Kyela akikimbilia Karonga nchini Malawi, hafuatwi na ndugu kumrudisha kwa nguvu, maana huo ni utekaji. Hurejeshwa kwa taratibu za kukabidhiana wahalifu, zinazopitia mahakama ya huko. Anayeshtakiwa na hafahamu Kiswahili, ambacho tangu 2021 ndicho lugha ya mahakama, ana haki ya mkalimani.

Mwisho ni rufaa. Aliyehukumiwa na mahakama ya mwanzo hukata rufaa mahakama ya wilaya ndani ya siku 30. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45, katika Mahakama Kuu, ambayo kwa Kyela ni ya Mbeya. Siku zinazotumika kupata nakala ya hukumu hutolewa kwenye hesabu hiyo ya 45, na mfungwa hupitishia rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda na lazima aeleze kila siku iliyopita. Mshtakiwa akiachiwa huru na mahakama ya mwanzo, mlalamikaji mwenyewe anaweza kukata rufaa. Akiachiwa na mahakama ya wilaya, anayekata ni Mkurugenzi wa Mashtaka.