Fahamu muundo wa Bunge la Kenya lenye mabaraza mawili

Mpiga kura wa Tarime humchagua mbunge mmoja, kwa kuwa Bunge la Tanzania lina baraza moja. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mwenzake wa Kaunti ya Migori huchagua watatu: mbunge wa jimbo, mwakilishi wa wanawake na seneta.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, Bunge la Taifa lina wabunge 290 wa majimbo, wanawake 47 wa kaunti na 12 wanaoteuliwa na vyama. Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa.

Seneti hulinda maslahi ya kaunti. Mabaraza yote mawili huidhinisha mgawanyo wa mapato. Mwaka 2019 yalipovutana, fedha za kaunti, zikiwamo za huduma za afya, zilichelewa.