Picha ya kupanga, sauti ya kumiliki

Mwishoni mwa Desemba 2023 SuperSport iliwapa wateja wake habari ambayo wengi waliidhania utani: fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), zilizokuwa zianze Ivory Coast Januari 13, hazingeonekana kwenye chaneli zake. Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walikuwa wamefuzu, wakapangwa na Morocco, Zambia na Kongo. Haki za matangazo kwa nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa mkononi mwa New World TV, kampuni yenye makao yake Lomé, Togo, ambayo huku kwetu wachache walikuwa wamewahi kulisikia jina lake. Siku chache kabla ya filimbi ya kwanza pande hizo mbili zikaelewana, mechi zikaonekana, kelele zikaisha.

Kisa kile kinafaa kukumbukwa kila tunapokutana na bango la king'amuzi linalojisifu kuwa nyumba ya soka. Hakuna kituo chenye soka lake. Wote ni wapangaji, na mwenye nyumba yuko Zurich kwa FIFA, au Cairo kwa CAF, shirikisho la soka la Afrika.

Tena wanachopanga ni kidogo kuliko mtazamaji anavyodhani. Tangu fainali za 2002, picha za Kombe la Dunia huandaliwa na kampuni moja ya Uswisi, Host Broadcast Services, kwa niaba ya FIFA. Kamera ni zao, marudio ni yao, hata yule shabiki anayeonekana akibubujikwa na machozi jukwaani amechaguliwa na mwongozaji wao. Pale Lusail, kwenye fainali ya Desemba 18, 2022, Kylian Mbappé alipofunga mara mbili ndani ya dakika mbili na kuirudisha Ufaransa mchezoni, mtu wa Temeke, wa Kisumu na wa Goma waliona mabao yale kwa pembe zilezile, kwa mpangilio uleule. Vituo viwili vikinunua mashindano hayohayo, vinauza bidhaa moja. Kinachobaki kushindaniwa ni bei ya kifurushi, ujanja wa kuvuta wateja kabla mpira haujaanza, na sauti inayowekwa juu ya picha.

Kodi yenyewe imepanda vibaya. Haki za kimataifa za Kombe la Dunia la 1990, 1994 na 1998, zote tatu kwa pamoja, ziliuzwa kwa takriban faranga za Uswisi milioni 340, na wanunuzi wakubwa walikuwa vituo vya umma. Zile za 2002 na 2006 zikafika bilioni 2.8, zikachukuliwa na kundi la Kirch la Ujerumani likishirikiana na kampuni ya ISL. ISL ikafilisika 2001, Kirch ikaanguka mwaka uliofuata. Anayedhani mpira wa dunia ni biashara isiyo na hasara aanzie hapo. Mwenye nyumba, kwa upande wake, hakutikisika: katika miaka minne iliyoishia Qatar, FIFA ilikusanya dola bilioni 7.6, na karibu bilioni 3.4 kati ya hizo zilitokana na haki za televisheni.

Kwa vituo vya Afrika kuna mzigo wa ziada ambao hauandikwi kwenye matangazo. Haki hulipwa kwa dola au yuro. Vifurushi hulipwa kwa shilingi, kwacha na naira. Januari 2024, wakati AFCON ile ikichezwa, dola moja ilikuwa imegusa shilingi 160 za Kenya. Mteja wa Nakuru hakuongezewa mshahara kwa sababu hiyo, wala mwenye haki hakupunguza bei. MultiChoice, mmiliki wa DStv na SuperSport, ilikuwa imetumia miaka miwili ikipoteza wateja na kulalamikia thamani ya fedha za nchi inakofanyia biashara, mpaka Canal+ ya Ufaransa ilipokamilisha kuinunua Septemba 2025.

Sasa kwa nini mtu alipie mashindano ya mwezi mmoja kwa bei hiyo? Kwa sababu hesabu haiishii kwenye fainali. Kombe la Dunia ni msimu wa kuuza ving'amuzi. Biashara hii ilipata nguvu huku kwetu tangu usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Kenya ikafuata 2015 baada ya mvutano mkali kati ya serikali na vyombo vikubwa vya habari. Tangu hapo karibu kila nyumba inayotaka televisheni inahitaji kifaa cha kampuni fulani, na mtu akishakiweka kifaa hicho na dishi likafungwa juu ya bati, kumhamisha si kazi ndogo.

Ndiyo maana kampeni huanza miezi mingi kabla. Siku ya droo ndiyo siku ya kwanza ya mauzo. Droo ya Kombe la Dunia 2026 ilifanyika Washington Desemba 5, 2025, na kuanzia siku kama hiyo kila kituo chenye haki kina majina ya kuchezea: nani kapangwa na nani, nani atalia mapema. Kisha zinakuja ofa za king'amuzi na dishi kwa bei ya kutupa, mwezi wa kwanza bure, mawakala wenye fulana mpya wakisimama stendi na sokoni. Karibu na mashindano bei hairudi juu. Kinachobadilika ni masharti. Mechi chache zinawekwa kifurushi cha chini ili mteja aonje, na robo fainali zinasogezwa juu. Mafundi wa dishi wanaijua kalenda hii kuliko wahasibu: wiki ya kabla ya ufunguzi ndiyo wiki ya kupanda mapaa.

Tatizo ni Agosti. Mteja aliyenunua kwa ajili ya Messi hana sababu ya kulipia mwezi unaofuata, na king'amuzi chake kinabaki kukusanya vumbi juu ya kabati. Hapa ndipo ninapoona Azam Media ya Tanzania wamefanya hesabu vizuri kuliko wengi. Mwaka 2021 walisaini mkataba wa miaka kumi wa Ligi Kuu Tanzania Bara kwa shilingi bilioni 225.6. Watu wengi walishangaa kiasi hicho kwa ligi ya ndani. Lakini mashindano makubwa huleta mteja. Ligi ndiyo humfuga. Aliyeingia kwa Kombe la Dunia hubaki kwa Simba na Yanga, na Simba na Yanga hazisubiri miaka minne.

Kuna mtazamaji ambaye haingii kabisa kwenye hesabu rasmi. Nenda mtaa wowote wa Mbagala siku ya mechi kubwa: ubao mweusi umeegeshwa mlangoni, umeandikwa kwa chaki timu na saa, na chini yake kiingilio. Ndani kuna mabenchi, joto, televisheni mbili, pengine tatu ikiwa mechi zinagongana, na king'amuzi kilichounganishwa kwa kifurushi cha nyumbani. Wenyewe tunaviita vibanda umiza, na jina linajieleza kwa aliyewahi kusimama humo dakika 120. Kwa kanuni za FIFA, onyesho lolote linalotoza kiingilio ni la kibiashara na linahitaji kibali. Nani atawafuata wote? Kituo kinapoteza ada za watu sitini waliobanana mle ndani, lakini kinapata kitu ambacho fedha ya matangazo hainunui kirahisi. Kijana aliyezoea kutazama kibandani ndiye atakayenunua king'amuzi siku akipanga chumba chake.

Kibanda kinaishi kwa saa. Qatar 2022 ilikuwa neema, maana Doha na Dar es Salaam zinatumia saa zilezile. Raundi mbili za kwanza za makundi zilichezwa saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku na saa 4 usiku. Wenye vibanda waliuza viingilio vinne kwa siku na soda katikati. Ratiba ya 2026 ya Marekani, Mexico na Canada ni habari nyingine. Mechi ya ufunguzi pale Mexico City na fainali ya New Jersey zote zimepangwa saa 4 usiku kwa saa zetu, na hapo kila mtu atafurahi. Katikati yake, kati ya mechi 104, nyingi zinaangukia usiku wa manane na alfajiri. Muuzaji wa tangazo la sabuni hatoi fedha nzuri kwa saa 10 alfajiri.

Anayetoa ni wa kubeti. Kwake saa hazina maana, simu iko kitandani, na mechi ya alfajiri ya timu mbili zisizojulikana ina odi kama nyingine yoyote. Vituo vyetu vimeegemea fedha hizo kuliko inavyofaa. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na vyombo vya habari vikaonja jinsi bajeti inavyokuwa mteja mmoja akiondoka chumbani. Mwezi huo ungeangukia kwenye Kombe la Dunia sijui wangesema nini.

Soka lenyewe lina kasoro kwa mtangazaji wa biashara: halisimami. Marekani walijaribu kulilazimisha. Kwenye Kombe la Dunia la 1990 kituo cha TNT kilikatiza mechi kuweka matangazo, mashabiki wakawaka. Mwaka 1994, fainali zikiwa nyumbani kwao, ABC na ESPN wakaacha mpira uende na kubandika nembo za wadhamini pembeni ya saa ya mchezo. Desemba 2025 FIFA ikatangaza kwamba katika fainali za 2026 kila kipindi kitakuwa na mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji, mechi zote, hata pakiwa na baridi. Zidisha mara mbili kwa mechi 104. Maji yale si ya wachezaji peke yao.

Nirudi kwenye sauti, kwa kuwa ndiyo mali pekee ambayo kituo chetu hakikodi. Mtangazaji wa Kiswahili wa mashindano makubwa mara nyingi hayuko uwanjani. Yuko kwenye chumba cha studio, mbele ya skrini, masikioni ana kelele za uwanja bila maneno, mkononi karatasi yenye majina na namba za wachezaji. Haoni kipa wa akiba akipasha misuli mpaka kamera ya Mswisi imwonyeshe. Mchezaji akianguka nje ya picha, yeye na mtazamaji wanajua kwa pamoja. Pengo hilo analijaza kwa maneno, na hapo ndipo kazi ilipo.

Ufundi huo umerithiwa redioni. Leonard Mambo Mbotela pale Sauti ya Kenya na Ahmed Jongo pale Radio Tanzania walikuwa wanawaonyesha mpira watu wasio na picha. Charles Hilary alipita Radio Tanzania, akaenda BBC, akarudi nyumbani Azam, na sauti ikawa ileile. Mtangazaji wa Kiingereza hufundishwa kunyamaza picha ikijieleza. Wetu akinyamaza sekunde tano watu wanadhani king'amuzi kimekata. Kuna wanaokerwa na makelele hayo, na kwa baadhi ya watangazaji wa siku hizi nami ni mmoja wao. Lakini mtu hukumbuka bao kwa namna lilivyosemwa.

Brazil imeonyesha sauti inaweza kufika wapi. Casimiro Miguel, kijana aliyejipatia umaarufu kwa kutazama mpira na kupiga soga mtandaoni, alionyesha mechi 22 za Kombe la Dunia 2022 kupitia CazéTV, chaneli ya YouTube. Kwa 2026 chaneli hiyo imepata haki za mechi zote 104. Wabrazili waliomfuata huko hawakufuata picha, kwa kuwa picha ilikuwa pia kwenye televisheni ya Globo. Vipindi vyetu vya redio vinaijua siri hiyo kitambo. Sports Extra ya Clouds na Sports HQ ya EFM huweza kupiga mwezi mzima wa Kombe la Dunia kwa uchambuzi na ubishi bila picha hata moja ya mechi, na wadhamini wakalipa. Anayelipia haki anaweza kuwachukia. Mimi ningewaajiri.

Kitu kimoja hakuna mkataba unaoweza kukinunua, nacho ni matokeo. CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliwaweka Kenya, Tanzania na Uganda kuwa wenyeji pamoja, na hatua ya makundi ilikuwa kama harusi: Kenya, ikiwa pungufu, ikaifunga Morocco, uwanja wa Mkapa ukajaa. Robo fainali zikaja, na ndani ya siku mbili wenyeji wote watatu wakatolewa. Nusu fainali zilichezwa, Morocco ikaishinda Madagascar 3-2 kwenye fainali Kasarani, mchezo mzuri kweli, lakini mwenye kuuza nafasi za matangazo alikuwa amebaki na wiki nzima ya bidhaa ambayo mtaa ulikuwa umeipa kisogo.

Hesabu hiyohiyo inasubiri AFCON 2027, ambayo nchi hizo tatu zitaandaa. Safari hii saa za mechi zitakuwa zetu, viwanja vyetu, na magari ya kurushia matangazo ya hapahapa yanaweza kupewa sehemu ya kazi ya picha ikiwa CAF itataka. Mazungumzo ya maana kwa vituo vyetu ni ya sasa: kuomba kandarasi ya kuzalisha picha, kuuza udhamini kwa hatua ya makundi peke yake badala ya mashindano mazima, na kuwafunga watangazaji wazuri kwa mikataba mirefu kabla simu kutoka Paris au Lomé haijawafikia.