Mama, soma noti kwa vidole

Siku ya kugawa kisanduku cha AVEC, noti moja ya dola 100 inaweza kuwa minervali ya mtoto. Ikikataliwa huko Butembo, hasara ni ya yule aliyeipokea. Basi, wamama wa Kasugho, tuijue karatasi yenyewe.

Noti ya dola haitoki kwenye mti kama karatasi ya daftari. Ni pamba, sehemu 75 kwa 100, na kitani sehemu 25. Ndiyo maana ikisahauliwa katika suruali ya baba na kufuliwa, mara nyingi inatoka nzima. Ndani yake mna nyuzi fupi nyekundu na za buluu; kwenye noti ya uongo mara nyingi zimechorwa juu tu. Pitisha kidole kwenye bega la Franklin, yule mzee wa kwenye picha: utasikia wino unakwaruza.

Kalamu ya kambisti inatafuta wanga wa karatasi ya kawaida; ikiukuta, alama inakuwa nyeusi. Usiitegemee sana. Kuna wezi wanaotoa wino wa noti ya dola 5, kisha wanachapa 100 juu yake. Karatasi ni ya kweli, kalamu inadanganyika! Inua noti kwenye mwanga: upande wa kuume kiwepo kivuli cha Franklin yuleyule, na uzi wa kushoto usomeke USA na 100. Ukiona kivuli cha mtu mwenye ndevu, huyo ni Lincoln wa dola 5. Irudishe hapohapo.

Noti mpya, iliyotoka Oktoba 2013, ina utepe wa buluu uliofumwa ndani. Iinamishe, na kengele ndogo zitageuka kuwa 100.

Marekani haijafuta noti zake za zamani, lakini kwetu mpasuko mdogo kama punje ya mchele unatosha noti ikataliwe. Sioni haki yoyote hapo, ila soko letu ndilo hilo. Fundo la kikwembe linafaa kwa franga, si kwa dola: jasho na mikunjo vinailegeza mpaka ipasuke. Ilaze katikati ya kitabu, ndani ya plastiki, mbali na moshi wa jiko. Usiibane kwa agrafi, usiiandike. Na kugawa kufanyike mchana, nje, kila mama aguse noti yake kabla ya kutia sahihi.