Kuni za Krismasi Hukaushwa na Jua la Juni



Krismasi yakaribia. Kwetu Kenya ni wakati wa jua. Watoto wamefunga shule, na wasafiri wanajaza mabasi kwenda nyumbani. Matayarisho mengi twayafanya katika juma la mwisho, na tukichelewa, hasara yake ni ndogo. Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya nchi ambako kuchelewa ni hatari. Nchi hiyo ni Ufini, kaskazini mwa Ulaya, ambako Wakristo walio wengi ni Walutheri.

Huko, mwezi wa Desemba, jua katika mji mkuu wa Helsinki huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Kaskazini kabisa, katika eneo la Utsjoki, halichomozi kwa muda wa majuma saba hivi. Maziwa huganda yakawa barafu. Je, watu hukaaje katika giza na baridi namna hiyo, na tena wakafurahia sikukuu?

Jibu ni hili: huanza mapema. Tutazame kuni. Mti uliokatwa sasa hivi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukiutia motoni, nguvu ya moto huishia katika kuyakausha maji hayo, na nyumba hubaki baridi. Moshi nao huwa mwingi, na masizi mazito hushika ndani ya bomba la moshi. Siku moja masizi hayo huwaka, na nyumba ikateketea. Kwa hiyo watu hupasua kuni mara theluji inapoyeyuka, wakazipanga mahali palipoinuka ili upepo upite katikati yake. Jua la Juni na Julai huzikausha. Kabla ya baridi kurudi huwekwa chini ya paa, na fundi huja kusafisha bomba la moshi.

Chakula ni vivyo hivyo. Matunda ya porini huchumwa kuanzia Julai hadi Septemba. Viazi huchimbwa kabla udongo haujaganda, vikawekwa katika ghala ya chini ya ardhi. Nyufa za madirisha huzibwa, upepo usipenye.

Lakini hata aliyejitayarisha apaswa kuwa na subira. Majiko mengi ya kuni ya huko yana kifuniko katika bomba la moshi. Moto ukiisha, hufungwa ili joto lisitoke. Mtu mwenye haraka akikifunga makaa yakiwa bado mekundu, hewa ya sumu hujaa nyumbani. Haina rangi wala harufu, na walalao huenda wasiamke tena. Ndugu zangu, hewa hiyo ndiyo iuayo hapa kwetu pia, mtu anapofunga mlango na madirisha akalala na jiko la makaa chumbani, hasa katika baridi ya Julai kule Limuru na Nyandarua. Twawasihi, msilale na jiko ndani, hata kama makaa yanaonekana kufifia.

Basi tarehe 24 Desemba hufika. Saa sita mchana, katika mji wa Turku, hutangazwa amani ya Krismasi mbele ya watu wengi, nao walio mbali husikiliza kwa redio na televisheni. Desturi hii yatoka karne za kale. Maduka mengi hufungwa, na kazi hukoma. Watu huoga katika chumba cha mvuke, kisha jioni huenda makaburini kuwawashia mishumaa wapendwa wao waliolala, hata theluji yote ikang'aa. Wengine huwawekea ndege wa angani mganda wa nafaka, kwa maana nao wana njaa.

Fikirini jambo hili. Mtu ambaye kuni zake ni mbichi hana nafasi ya kuwakumbuka wafu, wala ndege, wala jirani aliye peke yake. Jioni nzima anahangaika na moshi. Aliyejitayarisha mapema ndiye awezaye kufungua mlango na kusema, "Karibu, uote moto."

Mwajua ule mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo. Watano walikosa mafuta, na wenzao hawakuweza kuwagawia. Vivyo hivyo jirani aweza kukupa kuni, lakini hawezi kukupa jua lililokwisha kupita.

Na sisi je? Karo ya Januari yangoja nyuma ya sikukuu. Paa livujalo halitajiziba. Na pengine yuko ndugu ambaye hatujasemezana naye tangu mwaka jana. Tusingoje tukutane naye mezani siku ya Krismasi, mbele ya watoto, tukiwa tumenuna. Tumwendee juma hili, kungali mchana. Upatanisho nao, kama kuni, hutaka muda wa kukauka.

Bwana atusaidie kutengeneza nyumba zetu na mioyo yetu mapema, ili atakapobisha mgeni tusiwe na udhuru. Amina.