Mtoto Asiwe Mkalimani wa Buletini Yake: Kuwajulisha Wazazi Mambo ya Darasani

Katika shule za msingi za Lubumbashi, kama katika shule nyingine za nchi, mwaka wa masomo kwa desturi hugawanywa katika trimestri tatu, na kila trimestri ina vipindi viwili pamoja na mtihani. Kila kipindi kinapokwisha, mwanafunzi hurudi nyumbani na buletini. Ndani yake mna majina ya masomo, pointi alizopata, asilimia, nafasi yake kati ya wenzake, na neno moja au mawili juu ya bidii na mwenendo. Chini pana mahali pa sahihi ya mzazi. Yote hayo yameandikwa kwa Kifaransa. Mzazi asiyesoma Kifaransa humwita mtoto mwenyewe amfasirie. Hivyo mshtakiwa huwa mkalimani wa mashtaka yake, nayo sahihi ya mzazi huthibitisha tu kwamba karatasi ilifika nyumbani.

Makala haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyozoeleka, habari gani mzazi anazihitaji hasa, na namna mwalimu mwenye darasa kubwa anavyoweza kuzitoa kwa Kiswahili bila kujitwika mzigo asiouweza.

1. Habari zilipogeuka kuwa deni

Mwaka 1974 Dola la Zaire lilitwaa shule zilizokuwa mikononi mwa makanisa. Kwa mkataba wa Februari 1977 usimamizi wa shule hizo ulirudishwa kwa makanisa, lakini mishahara ya walimu ilibaki kuwa wajibu wa Dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara hiyo ilipopoteza thamani na walimu wakagoma, wazazi waliombwa kutoa mchango wa kuwapa walimu moyo. Mchango huo, uliofikiriwa kuwa wa muda, ulianza katika mwaka wa shule 1992-1993 ukadumu zaidi ya robo ya karne.

Matokeo yake hayakuwa ya feza tu. Mtoto ambaye mchango wake haukulipwa aliondolewa darasani akarudishwa nyumbani. Mzazi aliitwa shuleni kwa sababu mbili: deni au kosa. Barua ya mwalimu ikapata maana moja katika nyumba nyingi, na mtu aliipokea kwa hofu kabla ya kuifungua.

Mnamo Septemba 2019 elimu ya msingi bila malipo, iliyotajwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa katika shule za umma. Watoto wengi waliokuwa nje waliingia, na madarasa yakajaa. Lakini jambo moja halikuangaliwa vya kutosha. Malipo, pamoja na uchungu wake wote, yalimpa mzazi ujasiri wa kuuliza: aliyetoa feza zake alitaka kujua zimezaa nini. Mzazi asiyelipa tena aweza kudhani kwamba hana neno la kusema shuleni. Uzi uliomfunga na darasa ulikuwa mbaya, lakini ulikuwapo. Ukikatika, lazima mwingine usokotwe mahali pake, nao ni habari.

2. Asilimia si habari kamili

Tuwafikirie watoto wawili wa mwaka wa tatu waliopata pointi 10 juu ya 20 katika hesabu. Wa kwanza hajui kutoa pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini. Wa pili anajua kutoa bila shida, lakini haelewi Kifaransa cha maelezo ya zoezi. Kwa mzazi, watoto hao ni sawa. Kwa mwalimu, kila mmoja anahitaji dawa yake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Katika miaka ya kwanza ya shule ya msingi mtoto hufundishwa kwa Kiswahili; baadaye Kifaransa huchukua nafasi. Mtoto aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza aweza kushuka ghafula hapo. Mwalimu anaijua sababu. Mzazi asiyejulishwa huona asilimia imeanguka, humwita mtoto mvivu, pengine humpiga. Mtoto huadhibiwa kwa kosa lisilo lake, kwa sababu hakuna aliyesema sentensi mbili nyumbani kwao.

Kwa hiyo habari kamili hujibu maswali matatu: darasa limejifunza nini, mtoto huyu amefika wapi, nyumbani pafanyike nini. Tangazo la juma laweza kuwa fupi kama hili: «Juma hili tumejifunza kugawanya. Mpeni mtoto maharagwe ishirini na manne, ayagawe kwa watu sita, kisha aseme kila mtu amepata mangapi.» Mzazi asiyewahi kuingia shule aweza kulifanya zoezi hilo jikoni, na kuona kwa macho yake kama mtoto amefahamu.

3. Kiswahili kipi?

Sheria ya mfumo namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaufanya Kifaransa kuwa lugha ya elimu, na papo hapo inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia na kufundishwa. Kuandikia wazazi kwa Kiswahili hakupingani na sheria. Swali lililobaki ni la wanaisimu: Kiswahili cha namna gani?

Mwalimu aliyesomea Kiswahili bora huandika «wazazi» na «mtoto». Mama wa Lubumbashi husema «bazazi» na «mutoto», na mwanawe huenda «ku masomo». Umbali huo hauzuii kuelewana, mradi mwalimu asijaze tangazo maneno ya kitabu. Neno «nomino» litamsimamisha mzazi mlangoni. «Majina ya watu na vitu» litamkaribisha ndani. Wala isidhaniwe kwamba Kiswahili cha mji hakifai kuandikwa. Mwaka 1965 watumishi wa nyumbani wa zamani waliandika kwa Kiswahili hichohicho historia ya mji wao, katika maandishi yanayojulikana kwa jina la «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville. Walikuwa na jambo la kusema, wakalisema kwa lugha waliyokuwa nayo.

Kanuni ya kufaa basi ni hii: kuandika kwa Kiswahili bora kilicho rahisi, na kuzungumza kwa Kiswahili cha wazazi wenyewe.

4. Njia zinazowezekana

Njia ya kwanza ni mkutano wa darasa mwanzoni mwa mwaka. Mwalimu aeleze watakayojifunza watoto, saa za kuingia na kutoka, na maana ya kila mstari wa buletini. Siku hiyo feza zisitajwe kabisa, ili wazazi waone kwamba shule yaweza kuwaita kwa jambo lingine.

Ya pili ni ubao mdogo karibu na mlango, wenye mistari mitatu inayobadilishwa kila Jumatatu. Hauhitaji karatasi, na anayejua kusoma humsomea asiyejua.

Ya tatu ni mazungumzo. Mwalimu mwenye watoto sitini hawezi kuonana na wazazi wote kwa juma moja. Lakini akizungumza na watatu kila juma, baada ya majuma ishirini atakuwa amewamaliza wote, na mwaka wa shule una majuma zaidi ya thelathini. Yafaa aanze na jema: «Mama, leo mtoto wako amesoma ukurasa mzima peke yake.» Mzazi aliyesikia hivyo mara moja atakuja bila woga siku ya habari ngumu.

Ya nne ni simu. Ujumbe wa sauti wa dakika moja humfikia hata asiyesoma. Hata hivyo si kila nyumba ina simu, na pointi za mtoto mmoja hazifai kutangazwa katika kundi la wazazi wote.

Njia zote hizo zina lengo moja. Siku ya kutangaza matokeo mwishoni mwa mwaka, majina na asilimia husomwa mbele ya watu. Mzazi asisikie hapo uwanjani kwa mara ya kwanza, majirani wakimtazama, kwamba mtoto wake atarudia mwaka. Habari inayofika siku hiyo imekwisha kupoteza faida yake. Haimpi mtu lolote la kutenda.

5. Habari zinazorudi

Kujulishana kuna pande mbili. Mzazi ndiye anayejua kwamba mtoto huuza mikate sokoni hadi jioni, kwamba nyumbani hakuna umeme wa kusomea, au kwamba haoni vizuri vitu vya mbali. Mwalimu asiyeyajua hayo huandika «hana bidii» mahali palipofaa kumsogeza mtoto karibu na ubao. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kamati ya wazazi nayo, ambayo mara nyingi hujadili majengo na madawati, yaweza kuweka masomo yenyewe katika ajenda ya kila mkutano.

Hitimisho

Kazi hii inaanzia darasani, lakini chuo kikuu kina sehemu yake. Idara za Kiswahili zaweza kutunga orodha fupi ya maneno ya buletini kwa lugha ambayo mzazi ataielewa, na kuandaa mifano ya matangazo kwa kila darasa. Wanafunzi wa ualimu, wanapokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, waweza kuijaribu mifano hiyo mbele ya wazazi wenyewe na kurudi na masahihisho. Siku ambayo mama ataweza kutia sahihi akijua anachokitilia sahihi, mtoto atapumzika na kazi ya ukalimani, arudi kwenye kazi yake ya kujifunza.