Malezi ya Mtoto wa Mbwa katika Majuma ya Mwanzo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, mbwa ni mlinzi wa nyumba, wa mbuzi na wa mashamba. Wako wafugaji waaminio kwamba mbwa hawi mkali asipofungiwa bandani tangu utotoni, mbali na watu. Imani hiyo yafaa ichunguzwe, kwani mbwa aliyelelewa hivyo mara nyingi huuma kwa woga, wala si kwa ushujaa, na mwoga hachagui kati ya mwizi na mtoto wa nyumbani.

Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa hasikii wala haoni. Macho hufumbuka yapata juma la pili, na masikio huanza kusikia yapata juma la tatu. Tangu hapo hadi juma la 12 hivi udadisi wake hushinda woga, na kila akionacho bila kuumizwa hukihesabu kuwa cha kawaida. Baadaye woga huzidi nguvu. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake, huko Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio juu ya jambo hili. Walilea watoto wa mbwa ndani ya uwanja uliozungushiwa ua, wasikutane na watu. Baadhi yao walitolewa kwa juma moja tu ili wazoeane na binadamu, kisha wakarudishwa. Wale ambao hawakuguswa kabisa hadi juma la 14 waliwakimbia watu, na ilikuwa vigumu mno kuwafuga.

Kwa hiyo mtoto wa mbwa abaki na mama yake hadi majuma 8 hivi, lakini ashikwe kwa upole kila siku: masikio, miguu na mdomo. Azoeshwe sauti za watoto, mlio wa baiskeli, harufu ya mbuzi na kufika kwa wageni. Kila jambo jipya liambatane na kipande cha ugali au dagaa. Akiogopa, asivutwe wala asipigwe. Asogezwe mbali kidogo, kisha ajaribiwe tena. Kabla ya kuchanjwa, asiachwe huru penye mbwa wazururao, abebwe mikononi.

Faida kubwa huonekana siku ya chanjo. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kifo hakiepukiki, ila kwa nadra mno. Ili ugonjwa uzuiwe, yapasa angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa asiyeshikika hurudi nyumbani bila chanjo, au hafikishwi kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba hata watoto wa mbwa walio chini ya miezi 3 wachanjwe, hivyo wasiachwe nyumbani. Iwapo mtu ameumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kukawia.

Mbwa aliyezoeshwa hapotezi ulinzi wake. Awajuapo watu wa nyumbani na mambo ya kila siku, humtambua upesi mgeni ajaye usiku, naye hubweka. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mbwa, maji hayo hukauka kabla ya mwezi wa nne.